Kuvuka majimbo ya Marekani kwa trela la malazi

Kabla ya safari, pima kimo cha trela kuanzia ardhini hadi juu ya kiyoyozi cha paani, kisha bandika kipimo hicho mbele ya dereva, kwa kuwa baadhi ya barabara za zamani za jimbo la New York zina madaraja yaliyo chini mno na haziruhusu matrela kabisa. Sheria hubadilika mpakani: California anayevuta trela hapaswi kuzidi maili 55 kwa saa, na huko Maryland mitungi ya kawaida ya gesi ya propani hairuhusiwi katika mahandaki ya bandari ya Baltimore. Watoto wakae garini, hata katika jimbo linaloruhusu abiria ndani ya trela. Hapo mimi sioni nafasi ya mjadala.

Mizigo mizito isirundikwe nyuma, maana trela litayumba. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ielemee kiungo cha kuvutia, yaani pale trela linapoungana na gari. Kila mnaposimama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa: kimoja kikitoa joto kali kuliko vingine, beringi au breki yake ikaguliwe kabla ya kuendelea.