Somo: Kupaka kikombe cheupe kwa akriliki, pamoja na makosa yaliyonichelewesha mwaka mzima

Salamu wapenda kuchora. Mimi si msanii wa kuuza kazi. Napaka rangi jioni, shughuli nyingine zikiisha. Mwaka wangu wa kwanza na akriliki niliupoteza karibu wote nikigombana na jambo moja: kukauka. Nilitaka rangi iningoje, nayo haingoji mtu. Akriliki ni chembe za rangi pamoja na gundi ya plastiki inayoelea kwenye maji. Maji yakiondoka, vitone vya gundi vinashikana na kuwa ngozi moja ambayo maji hayawezi kuiyeyusha tena. Tabaka jembamba hukauka kwa dakika 10 hadi 20, na penye joto au upepo hata chini ya hapo. Nilipoanza kupanga kazi kwa kufuata mwendo huo, picha zangu zilibadilika, na ndivyo tutakavyofanya hapa.

Tutapaka kikombe cheupe juu ya meza, taa moja ikikimulika kutoka ubavuni. Nimechagua cheupe makusudi. Kikombe chekundu kitakusamehe. Cheupe hakikupi pa kujificha.

VIFAA

Nilianza na boksi la tyubu 24, nikajiona nimejitosheleza. Kumbe nyingi kati yake zilikuwa tayari ni mchanganyiko wa rangi mbili au tatu, na mimi nikazichanganya tena mchanganyiko kwa mchanganyiko. Nilipata matope ya kila aina. Siku hizi nina tyubu tano, na nazinunua kwa kusoma msimbo mdogo wa chembe za rangi ulio nyuma, kwa sababu majina ya mbele kila kampuni inajipachikia inavyopenda. Nyeupe ni PW6. Bluu ni PB29. Njano ni PY74, nyekundu ni PR112. Ya tano ni kahawia ya udongo, PBr7, ila hapo angalia vizuri: msimbo huo unabeba jamii nzima ya rangi za udongo, kuanzia ya dhahabu hadi ya kahawia nzito. Chukua ile nzito kabisa.

Nyeupe nunua tyubu kubwa. Chovyachovya humaliza buyu la asali, na kwenye akriliki asali yenyewe ni nyeupe.

Brashi tatu za nailoni zinatosha: bapa pana, bapa ndogo, na moja ya ncha. Tafuta pia makopo mawili ya maji, tambara, na ubao au kanvasi. Paleti, yaani pa kuwekea na kuchanganyia rangi, itengeneze mwenyewe: chukua chombo bapa chenye kifuniko, tandika taulo za karatasi zilizoloa, juu yake laza karatasi ya kuokea. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo inanyonya unyevu polepole kutoka chini, na ukifunika unaweza kuikuta laini hata kesho yake. Kwa miezi sita nilitumia sahani kavu kwa sababu nilidhani mambo ya paleti yenye unyevu ni mbwembwe.

HATUA YA 1: Kuandaa ubao

Paka jeso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) mara mbili, mara ya kwanza kwa ulalo, ya pili kwa wima, na katikati upitishe msasa laini. Jeso ina chembe za chokaa ndani yake zinazoupa ubao ukwaruzo kidogo ili rangi ishike. Kanvasi nyingi za dukani zimeshapakwa, kwa hiyo soma lebo kwanza.

HATUA YA 2: Kuua weupe

Changanya kahawia na maji kidogo, paka ubao mzima, futa kwa tambara ubaki na rangi hafifu ya udongo. Acha ikauke kabisa. Kikombe cheupe juu ya ubao mweupe kinakudanganya: kila kivuli utakachoweka kitaonekana kizito mno, utaogopa, utakififisha, na mwisho utakuwa na kikombe kisicho na umbo. Juu ya ardhi ya kahawia, nyeupe inaonekana kwa thamani yake.

HATUA YA 3: Mchoro

Mchoro mwepesi wa penseli au brashi ya ncha. Tazama midomo ya kikombe. Ukikitazama kwa juu kidogo, mdomo ni duaradufu, na kitako nacho ni duaradufu, ila cha chini ni cha mviringo zaidi kwa sababu kiko mbali zaidi chini ya usawa wa macho yako. Wengi tunachora kitako kama mstari mnyoofu kwa sababu tunajua kikombe kimekaa juu ya meza bapa. Jicho haliambiwi hivyo.

HATUA YA 4: Mafungu ya rangi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na brashi bado haijagusa picha. Changanya PB29 na PBr7 mpaka upate giza linalokaribia weusi. Ukizidisha bluu giza linapoa, ukizidisha kahawia linapata joto. Kisha litie kwenye nyeupe kidogo kidogo (giza liende kwenye nyeupe; ukifanya kinyume utamaliza tyubu) mpaka uwe na mafungu manne: kivuli kizito, kivuli cha kati, kijivu hafifu cha upande wa taa, na nyeupe iliyotiwa njano kidogo mno, kama kichwa cha kiberiti.

Fanya kila fungu liwe mara mbili ya unavyodhani litatosha. Fungu likiisha katikati ya kazi hutaweza kulirudia sawasawa, kwa sababu akriliki inakoza ikikauka. Gundi yake ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, na ule weupe uliokuwa ukififisha rangi unaondoka. Basi unalinganisha rangi mbichi na rangi kavu unaona zimelingana. Baada ya robo saa kuna kiraka. Dawa yake ni kupaka mfano mdogo wa kila fungu kwenye karatasi, kuacha ukauke, ndipo uamue.

HATUA YA 5: Maumbo makubwa

Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Utaona maumbo matatu au manne tu: meza, nyuma, upande wa giza, upande wa nuru. Yapake yote kwa bapa pana, haraka, bila kujali kingo. Tabaka la kwanza litakuwa baya. Langu bado ni baya mpaka leo.

HATUA YA 6: Mviringo

Sasa kikombe kinatakiwa kizunguke, yaani nuru iyeyuke kuelekea kivuli bila mstari. Mchoraji wa rangi za mafuta angesugua mpaka huo kwa utaratibu hata saa nzima. Mimi nilijaribu hivyo hivyo, na kila mara nilifika mahali rangi inanata: haijakauka, wala si mbichi. Brashi ikipita hapo inachubua, inaacha kidonda na vinyama vya plastiki, na ukisugua zaidi unafika kwenye ubao. Ukiona brashi inavutwa, inua mkono. Ondoka. Nenda hata ukakunje nguo, rudi baada ya dakika 15.

Njia ninayotumia sasa ni ya tabaka. Kati ya kivuli na nuru napaka ukanda wa rangi ya kati. Ukikauka, napaka kanda mbili nyembamba zaidi, kila upande mmoja. Kisha brashi bapa karibu kavu, rangi kidogo sana iliyofutwa kwenye tambara, naipitisha kwa wepesi juu ya mipaka kama anayefuta vumbi. Kwa karibu bado kanda zinaonekana, ila ukirudi hatua tatu nyuma zimeshapotea.

HATUA YA 7: Utando

Picha ikiwa kavu kabisa, chukua bluu kiasi kidogo sana, itie kwenye midiamu ya akriliki (ile gundi tupu isiyo na rangi), upate utando unaopitisha nuru. Upake juu ya kivuli cha kikombe, mara moja, usirudie. Kivuli kitapoa na kuzama bila kufunika ulichokifanya chini. Hapa ndipo kukauka haraka kunapokulipa: mwenye rangi za mafuta angesubiri siku kadhaa au zaidi, wewe umesubiri nusu saa.

HATUA YA 8: Mng'ao

Nyeupe nzito isiyo na maji, ncha ya brashi, mguso mmoja kwenye mdomo wa kikombe na mmoja tumboni. Ukiweka minne, umeharibu.

Osha brashi mara moja kwa sabuni. Usiziache zimesimama koponi kwa nywele zake. Zinapinda, na maji yanapanda mpaka kwenye mpini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi tabaka la kwanza nalipaka jepesi kwa maji mengi, lakini nikija na la pili la kwanza linang'oka. Kwa nini, na wewe unasema likikauka haliyeyuki?

Jibu: Haliyeyuki kama gundi imetosha kushikana. Ukitia maji mengi mno unazitawanya chembe za gundi, na kinachobaki kinakaribia kuwa vumbi la rangi lililolala juu ya jeso. Kwenye karatasi inayonyonya utaponea, kwenye kanvasi iliyopakwa jeso laini litatoka na brashi. Ukitaka wepesi mkubwa, punguza maji, ongeza midiamu. Pia angalia baridi ya chumba. Chini ya nyuzi 9 hivi gundi haishikani vizuri hata maji yakiondoka.

Swali: Shikamoo mwalimu. Zambarau yangu inatoka kama udongo. Natumia bluu na nyekundu kama ulivyosema.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kosa ni langu, sikulisema. PR112 ni nyekundu inayoelekea njano. Ukiitia kwenye bluu umeshaingiza rangi zote tatu za msingi, na rangi tatu zikikutana zinauana. Kwa kikombe chetu haina shida, ila ukihitaji zambarau safi ongeza tyubu ya sita, PR122, ambayo inaelekea waridi. Hiyo na PB29 zitakupa zambarau mpaka uchoke.

Swali: Kaka, nimesahau brashi usiku kucha, imekuwa jiwe. Nitupe?

Jibu: Iloweke kwenye spiriti yenye alkoholi, upande wa nywele tu, kwa saa kadhaa, kisha ikamue kwa sabuni na uirudie. Fanya penye hewa na mbali na moto. Rangi italainika, lakini mara nyingi nywele hazirudi kuwa kitu kimoja. Zangu za namna hiyo nazitumia kupaka majani ya miti, na zinafanya vizuri kuliko brashi mpya.

Swali: Naweza kutumia mashine ya kukaushia nywele?

Jibu: Ndiyo, kwa tabaka jembamba na kwa umbali. Kwenye rangi nzito inakausha ngozi ya juu tu, ndani bado mbichi, halafu inapasuka.

Swali: Ninayo picha ya zamani ya rangi za mafuta nimeichoka. Nipake akriliki juu yake?

Jibu: Usifanye. Akriliki haishiki juu ya mafuta, itabanduka. Kinyume chake kinawezekana: akriliki chini, mafuta juu.

Swali: Nakupinga kidogo, mkuu. Bila nyeusi nitafanyaje? Mchanganyiko wako wa bluu na kahawia haufiki weusi.

Jibu: Haufiki, ni kweli. Pakihitaji weusi kamili, nunua nyeusi, hakuna sheria inayokukataza. Mimi niliitoa kwenye boksi kwa sababu nilikuwa naitia kwenye kila kivuli, na picha zangu zote zikawa kama zimepigwa moshi. Jaribu pia kuichanganya na njano siku moja, utapata kijani cha majani makavu ambacho sikukitarajia kutoka tyubu hizo mbili.

Swali: Maji machafu ya makopo mnayamwaga wapi?

Jibu: Kwanza futa brashi kwenye tambara kabla ya kuichovya, hapo utakuwa umepunguza uchafu mwingi. Kisha acha kopo litulie siku moja au mbili, rangi ishuke chini. Tope lenyewe lianike likauke, litupe na takataka ngumu. Ukilimwaga kwenye sinki, plastiki ile ile inayoshika kwenye kanvasi itashika kwenye bomba lako.

Swali: Dada hapa, swali la mwisho. Picha zikikauka nazihifadhije? Nina nyingi na nafasi ni ndogo.

Jibu: Dada, usizilaze uso kwa uso. Akriliki hata ikikauka haiwi ngumu kama mafuta. Kwenye joto inalainika kidogo na kunata. Tenga kila picha na karatasi ya kuokea, zisimamishe wima, usiweke uzito juu yake. Nilizifunga mbili pamoja kwa kamba nikahama nazo nyumba. Nilipozifungua zilitoa sauti ya nguo inayochanika, na kile kikombe changu cha kwanza sasa kina kipande cha anga la picha nyingine ubavuni.