Kupaka povu la nikeli kichocheo cha nano cha nikeli na chuma, na kukipima kwa usahihi

Maji yanapopasuliwa kwa umeme, haidrojeni hutoka kwenye kathodi (elektrodi hasi), lakini sehemu kubwa ya umeme hupotea kwenye anodi (elektrodi chanya, inakotoka oksijeni), kwa sababu kila molekuli ya oksijeni inadai elektroni 4. Mwongozo huu ni wa anodi.

1. Kata povu la nikeli (metali yenye matundu kama sifongo) sm 1 × 2. Lisafishe kwa asidi haidrokloriki ya 3 M (moli 3 kwa lita) dakika 10, kisha maji yaliyokenekwa, kisha ethanoli.

2. Yeyusha katika ml 100 za maji g 0.087 za nikeli naitreti (yenye maji 6) na g 0.121 za chuma(III) naitreti (yenye maji 9). Usitumie kloridi: naitreti ndiyo inayozalisha haidroksidi juu ya povu umeme unapopita. Tengeneza siku hiyohiyo. Mmumunyo ukichafuka rangi ya kutu, umwage, kwani chuma kimeshaganda chupani.

3. Zamisha sm 1 ya povu, weka volti −1.0 dhidi ya Ag/AgCl (elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha) kwa sekunde 300, suuza. Ukizidisha muda, tabaka hunenepa na kubanduka mapovu ya gesi yakianza.

4. Pima katika KOH (potasiamu haidroksidi, alkali) ya 1 M. Hapa ndipo matokeo mengi yanapoharibika.

Ag/AgCl iache kwenye hatua ya 3. Ndani ya alkali husogea taratibu, na namba zote husogea nayo. Tumia Hg/HgO (elektrodi rejea ya zebaki na oksidi yake), kisha ongeza volti 0.924 (0.098 + 0.059 × 14) kupata kipimo cha RHE (elektrodi rejea ya haidrojeni).

Karibu na volti 1.4 za RHE nikeli yenyewe huoksidika. Mkondo huo si oksijeni! Ukipandisha volteji kutoka chini utakihesabia kichocheo sifa isiyo yake. Shuka kutoka juu, mV 5 kwa sekunde, au bora zaidi shikilia mkondo mmoja hadi volteji itulie.

Rekebisha ukinzani wa mmumunyo: omu 1.5 kwa mA 100 ni mV 150 nzima. Andika thamani kabla na baada ya marekebisho.

KOH ya kawaida ina chembe za chuma. Povu tupu la kulinganishia huzinyonya na kuboreka lenyewe, kwa hiyo lipime likiwa jipya.

5. Liendeshe povu lililopakwa saa 24 kwa mA 100, penye hewa ya kutosha. Volteji ikipanda, angalia kwanza kina cha mmumunyo: maji yakipungua, eneo lililozama hupungua pia.