Kabla hujalipa ada ya kusomea usemi na usikivu Marekani

Mdogo wangu unayekwenda Marekani kusomea sayansi ya usemi, lugha na usikivu, piga kwanza hesabu ya miaka yote. Kule shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mtaalamu kamili. Anayetaka kutibu usemi huongeza shahada ya uzamili. Wa usikivu husomea shahada ya udaktari wa fani hiyo. Uingereza ni tofauti: shahada ya kwanza iliyoidhinishwa na HCPC, bodi inayosajili wataalamu wa afya kule, inatosha kuombea usajili wa kutibu usemi. Afadhali ujue leo kuliko mwaka wa nne, wazazi wakiwa wanajua umemaliza.

Halafu usizichezee saa za kutazama. Cheti cha tiba ya usemi cha ASHA, chama cha wataalamu wa usemi na usikivu Marekani, kinadai saa 400 za kliniki, na 25 kati ya hizo ni za kukaa pembeni ukimtazama mtaalamu mwenye cheti hicho akifanya kazi. Hizi 25 unaweza kuzianza ukiwa bado shahada ya kwanza. Kila ukitoka, andika tarehe na muda, atie sahihi siku hiyohiyo. Ukiacha mpaka mwisho wa muhula, utamkuta ameshahama.

Fonetiki, yaani somo la sauti za lugha, isikutishe kabisa. Ile sauti ya mwanzo ya ng'ombe, inayoandikwa ŋ katika somo hilo, haianzi neno la Kiingereza. Wewe unaitamka tangu utotoni. Wenzako wakikwama, waonyeshe: nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini, hewa inatokea puani.