Kuchora ramani ya mikondo ya juu ya bahari kwa data ya rada za pwani: Ghuba ya Monterey hatua kwa hatua

Rada ya pwani haioni mkondo wenyewe, inaona mawimbi. Inayofanya kazi kwenye megahezi 13 hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa mita 23 hivi, na mwangwi wenye nguvu zaidi hurudi kutoka kwenye mawimbi ya bahari yenye nusu ya urefu huo, yaani mita 11 na nusu, yanayoijia rada au kuipa mgongo. Douglass Crombie ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1955, huko New Zealand. Mawimbi ya bahari ya urefu huo, kwenye maji ya kina, husafiri kwa mita 4.2 hivi kwa sekunde. Rada ikiona yamezidi au yamepungua hapo, tofauti hiyo imetokana na mkondo ulioyabeba, na ni mkondo wa mita moja ya juu tu.

Rada moja hukwambia kama maji yanakuja au yanakwenda, basi. Maji yanayokatiza mbele yake haiyaoni. Kasi hiyo ya upande mmoja tunaiita rediali. Ili kupata mshale kamili wa mkondo tunaunganisha rediali za vituo viwili au zaidi, na hiyo ndiyo kazi tutakayoifanya hapa. Nitatumia Python pamoja na maktaba ya HFRadarPy ya Chuo Kikuu cha Rutgers. Wenye Matlab wana HFR_Progs, iliyoandikwa na David Kaplan na Mike Cook, na hesabu za ndani ni zilezile.

Mfano wetu ni Ghuba ya Monterey, California, kwa sababu vituo vyake viko karibukaribu na data za Marekani ziko wazi kwa umma.

Hatua ya 1: Chagua faili

Chukua faili za saa moja kutoka vituo vitatu: SCRZ (Santa Cruz), MLML (Moss Landing) na PPIN (Point Pinos). Jina la faili huwa hivi: `RDLm_MLML_2019_06_12_1800.ruv`. Saa ni ya UTC (saa ya kimataifa), si ya California.

Tazama herufi iliyo baada ya RDL. `m` maana yake mwelekeo wa mwangwi umekokotolewa kwa tabia halisi ya antena, iliyopimwa kwa boti yenye kifaa cha kurudisha mawimbi ikizunguka mbele ya kituo. `i` ni tabia ya kinadharia, kana kwamba antena haina jengo, uzio wala nguzo ya umeme jirani. Chukua `m` kila inapopatikana. Antena isiyopimwa inaweza kuuhamisha mkondo nyuzi nyingi kutoka mahali ulipo, na hakuna kichungi cha baadaye kitakachourudisha.

Hatua ya 2: Fungua na uhakiki alama

```
from hfradarpy.radials import Radial
r = Radial("RDLm_MLML_2019_06_12_1800.ruv")
d = r.data
```

Safu utakazozihitaji ni LOND na LATD (mahali), VELO (kasi kwa sentimita kwa sekunde), HEAD (mwelekeo kwa nyuzi kutoka kaskazini halisi), na VELU na VELV, yaani kasi hiyohiyo ikiwa imegawanywa mashariki na kaskazini.

Kabla ya kuendelea, zidisha VELO kwa sini ya HEAD ulinganishe na VELU. Zikilingana, umeelewa alama za jumlisha na kutoa zinavyotumika. Usipofanya hivi unaweza kuchora ghuba nzima ikienda kinyume, na ramani ikapendeza vilevile.

Hatua ya 3: Safisha

`r.mask_over_land()` huondoa rediali zilizoangukia nchi kavu. Kisha endesha majaribio ya ubora, mathalani `r.qc_qartod_maximum()` na `r.qc_qartod_radial_count()`. Haya hayafuti kitu, huweka alama tu: 1 ni nzuri, 3 ina mashaka, 4 imeshindwa. Uamuzi wa kutupa ni wako.

Kikomo cha kasi kiweke kulingana na bahari yenyewe. Monterey, sentimita 100 kwa sekunde zinatosha. Ukikipeleka kikomo hicho pwani ya mashariki ya Marekani, utaufuta mkondo wa Gulf Stream, ambao kiini chake huweza kupita mita 2 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Gridi

Gridi ya kilomita 2, na kila nukta ikusanye rediali zilizo ndani ya kilomita 3. Usivutiwe na gridi ya mita 500: rada ya megahezi 13 hugawa umbali kwa vipande vya kilomita 3 hivi, na nukta nyingi zaidi hazitakuongezea habari. Dai angalau rediali 3 kutoka vituo 2 tofauti, la sivyo acha nukta tupu.

Hatua ya 5: Mshale, na pembe inayouamua

Kwa kila nukta, weka rediali za karibu kwenye jedwali `jirani`, kisha tafuta `u` (kasi ya mashariki) na `v` (kasi ya kaskazini) zinazolingana nazo vizuri zaidi:

```
import numpy as np
h = np.radians(jirani["HEAD"])
A = np.column_stack([np.sin(h), np.cos(h)])
u, v = np.linalg.lstsq(A, jirani["VELO"], rcond=None)[0]
gdop = np.sqrt(np.trace(np.linalg.inv(A.T @ A)))
```

Mstari wa mwisho ndio ninaoujali kuliko yote. `gdop` hueleza makosa ya rediali yanavyokuzwa na mpangilio wa vituo. Rediali mbili zikikutana kwa nyuzi 90, makosa huzidishwa kwa 1.4. Zikikutana kwa nyuzi 30, kwa 2.8. Kwa nyuzi 20, kwa 4.1. Rediali zenyewe kwa kawaida hutofautiana na maboya yanayoelea kwa sentimita 5 hadi 20 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye nyuzi 20 mshale wako unaweza kuwa makosa matupu.

Nukta mbaya ziko mahali pawili. Kwanza, mbali baharini, ambako vituo vyote hutazama karibu upande mmoja. Pili, kwenye mstari wa moja kwa moja kati ya vituo viwili, kama ule wa Moss Landing na Point Pinos: hapo rada zote mbili hupima kitu kimoja, na mkondo unaoukata mstari huo hakuna anayeuona isipokuwa kituo cha tatu, Santa Cruz.

Ziko programu za kuziba mapengo haya kwa makadirio, na zina kazi yake. Ila Walinzi wa Pwani wa Marekani hutumia mikondo ya rada kutafuta watu waliopotea baharini. Mshale wa kubuni usiotiwa alama unaweza kuipeleka boti ya uokoaji kusiko, ilhali pengo tupu linamwonya nahodha.

Hatua ya 6: Chora, kisha uulize upepo

Tumia `quiver`, amri ya kuchora mishale katika maktaba ya Matplotlib, rangi ifuate kasi. Ramani ya saa moja hubeba maji kupwa na kujaa pamoja na upepo wa alasiri kutoka baharini, ambao Monterey una nguvu. Ukitaka kuona mkondo wa kudumu, chukua wastani wa saa 25.

Halafu tafuta data ya upepo. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma siku kadhaa, maji baridi hupanda kutoka kilindini karibu na rasi ya Año Nuevo, kaskazini mwa ghuba, na kuteremka kusini yakikatiza mdomo wa ghuba. Ramani yako isipoonyesha hivyo, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 7: Hifadhi

Katika faili la mwisho weka `u`, `v`, `gdop`, idadi ya rediali, majina ya vituo vilivyochangia kila nukta, na saa ya UTC. Atakayelitumia atajiwekea kikomo chake mwenyewe.