Hesabu vigamba kabla ya kushika jiwe

Nyumbani kwetu Kigamboni kuna miembe mitatu na mkorosho mmoja. Kitu cha kijani kikipita tawini, majirani hushika mawe. Mimi nawaomba wasubiri nyoka ajivue gamba, kwa sababu gamba halidanganyi.

Ila likiwa bado laini na lina unyevu, usilichukue: mwenyewe hajafika mbali. Rudi kesho. Lililokauka litie kwenye maji ya vuguvugu mpaka lilainike, lipasue kwa mkasi upande wa tumboni, ulitandaze juu ya karatasi nyeusi. Usitafute ukijani, rangi amebaki nayo nyoka. Urefu nao usiuamini, kwani gamba hutanuka likivuliwa.

Sasa chukua sindano. Katikati ya kiwiliwili, anzia kwenye kigamba kinachopakana na vile vipana vya tumboni, panda kwa mshazari, vuka mgongo, ushuke hadi upande wa pili. Vile vipana usivihesabu.

Ukipata 15, huyo ni ukuti, jenasi ya Philothamnus. Anakula vyura na mijusi, na hana sumu ya kumdhuru mtu. Muache.

Ukipata kati ya 17 na 21, hapo pana kazi. Papasa. Vigamba vyenye tuta katikati, vinavyokwaruza kidole, ni vya nyoka aitwaye Dispholidus typus (kwa Kiingereza boomslang), mwenye jicho kubwa na meno ya sumu nyuma ya kinywa. Sumu yake huzuia damu kuganda. Vikiwa laini tupu, shuku koboko wa kijani, Dendroaspis angusticeps; jina angusticeps alipewa na mtaalamu wa wanyama Andrew Smith mwaka 1849. Ukuti na Dispholidus ni wa familia moja, Colubridae, lakini koboko yuko Elapidae pamoja na swila: meno ya sumu yako mbele, na sumu hushambulia neva. Kijani kimewafananisha tu, maana wote wanajificha kwenye majani.

Koboko huyo yupo Unguja pia. Bahari ilipokuwa chini, zama za barafu, kisiwa kile kiliungana na bara, ndiyo maana huku na kule ni spishi ile ile.

Mtu akiumwa, asichanjwe wala kufyonzwa jeraha. Atulie, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja.

Desemba gamba lililonasa kwenye mwembe wa kati lilinipa 19, laini. Nilirudia mara tatu. Koboko huyu hushuka chini kwa nadra, kwa hiyo sikumruhusu kijana yeyote kupanda. Embe za mti ule tuliziangua kwa upembo, tukiwa tumesimama mbali na shina.