Namna ya kupata kipimo cha kichocho kutoka kwenye jenomu ya mnyoo wenyewe

Watu wakisikia jenomu ya mnyoo, yaani DNA yake yote, wanadhani lazima uisome yote mwanzo mwisho ndo upate kipimo, hapana aisee, we tafuta kipande kinachojirudia sana, basi.

Shida yenyewe ni hii, kichocho cha mkojo (Schistosoma haematobium) tunachuja mkojo mililita 10 tunasaka kwa hadubini mayai yenye mwiba mkiani. Mwenye mayai mengi humkosi, ila kwenye maeneo yaliyomezeshwa dawa miaka kibao kama Unguja na Pemba mtu ana mayai machache mno, siku hiyo kwenye mililita zako hakuna hata moja, unaandika hana, kesho karudi bwawani na konokono wanaobeba vimelea wapo palepale.

Ili upate DNA ya mnyoo, sampuli kusanya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo mayai yanatoka kwa wingi. Uache mkojo utulie, mwaga wa juu, weka maji safi yasiyo na klorini, weka mwangani, zikitoka miracidia (vitoto vinavyoanguliwa kwenye mayai) zivute na pipeti uzidondoshe kwenye kadi ya FTA, karatasi maalumu ya kutunzia DNA, inakaa bila friji. Mnyoo mkubwa usimuwaze, yupo kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na hakuna mgonjwa atakayekubali umchokonoe huko, ndo maana maabara wanamfuga ndani ya hamsta, kamnyama kadogo jamii ya panya.

Na kama huna mashine ya kusoma DNA usikate tamaa, jenomu ya huyu mdudu ilitoka 2012, herufi kama milioni 385, ipo kwenye tovuti ya WormBase ParaSite unapakua bure. Chukua vipande vifupi vibichi vya DNA, vile vinavyotoka kwenye mashine kabla ya kuunganishwa, hata vichache, viingize kwenye programu ya RepeatExplorer, yenyewe inavipanga kwa makundi na kundi nene kuliko yote ndo mali. Kwa kichocho kipande kinachojulikana kinaitwa Dra1, herufi 121 zimejipanga foleni zikijirudia, kwa hiyo hata yai lisipoingia kwenye chupa, DNA iliyomwagika kwenye mkojo inaweza kukamatwa.

Halafu, na hapa wengi wanateleza, linganisha kipande chako na DNA ya mtu, ya bakteria na ya minyoo ndugu. Dra1 inamshika pia S. bovis wa ng'ombe, kwenye mkojo wa mtu si tatizo sana, ila ukipimia konokono utadanganyika, hapo ongeza ITS au cox1, vipande vingine vya DNA vinavyotofautisha minyoo hiyo.

Ukishatengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vinavyonasa kipande chako ili PCR, njia ya kunakili DNA, ikizidishe) jaribu kwa mkojo wenye mayai, mkojo wa mtu wa sehemu isiyo na kichocho, na maji matupu. Mkojo wenye mayai ukikataa kuonyesha DNA ya mnyoo usilaumu praima haraka, mkojo una vitu vinavyoizuia PCR, zimua DNA mara kumi urudie.

Na mtu akimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, leo usimpime kesho ukasema dawa imegoma, mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu yanaendelea kuvujisha DNA wakati minyoo ishakufa.