Kuchagua saizi ya rimu na matairi ya Hilux: anza na tairi

Wateja wengi huja na picha ya rimu kwenye simu, ndipo tuanze kutafuta tairi la kuivalisha. Mimi huwageuza: kwanza kazi ya gari, halafu tairi, rimu mwisho. Hapa natumia Hilux iliyotoka kiwandani na 265/65R17, lakini hesabu ni ileile kwa pikapu yoyote.

Hatua ya 1: Soma ulichonacho. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha saizi na upepo. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni inchi za rimu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kimo cha tairi zima. 265 × 0.65 ni kama 172 mm, huo ni ubavu mmoja. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu (17 × 25.4), unapata 776 mm. Sasa linganisha na zile zinazoombwa sana:

- 265/70R17: 803 mm
- 285/70R17: 831 mm
- 265/50R20: 773 mm

Gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti. Kwa hiyo 285/70 inakupa sentimita 2.7 chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), si tano kama unavyoambiwa dukani. Nayo inadai malipo: tairi ni kubwa kwa asilimia 7, injini inavuta kwa shida zaidi mlimani, mafuta yanapanda, na ukikata kona hadi mwisho inaweza kugusa madigadi. Spidomita nayo inabaki nyuma, inasoma chini ya mwendo halisi. Spidomita za kiwandani kwa kawaida huzidisha kidogo, hivyo asilimia 3 humezwa humo. Asilimia 7 itakukuta kwenye tochi ya trafiki ukiapa ulikuwa kwenye 50.

Inchi 20 haigusi spidomita, ila ubavu unashuka kutoka 172 mm hadi 132 mm. Kwa lami ya mjini, sawa. Kwa barabara ya makorongo na mashimo, utanunua rimu mara mbili.

Kama gari linabeba mzigo na kwenda shamba, mimi huishia kwenye 265/70R17.

Hatua ya 3: Angalia uwezo wa kubeba. Baada ya saizi kuna namba kama 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo kamili. Usishuke chini ya iliyoandikwa na kiwanda, hata bei ikishawishi. Rimu pia zina kikomo chao, mara nyingi kimechapwa kwa ndani.

Hatua ya 4: Sasa rimu. Matundu sita ya boliti kwenye rimu ya Hilux yamepangwa kwenye duara la 139.7 mm. Ford Ranger na Isuzu D-Max ni hivyohivyo, na hapo ndipo watu huponzwa, kwa sababu tundu la katikati ni tofauti: Hilux 106.1 mm, Ranger 93.1 mm. Rimu ya Ranger haipiti kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) ya Hilux. Ya Hilux kwenye Ranger itacheza usipoiwekea pete ya kujaza nafasi. Navara nyingi za karibuni zina duara la boliti la 114.3 mm, usihangaike nazo.

Kisha tazama ET, umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Namba yenye J ni upana wa rimu kwa inchi. Ukitoka 7.5J ET30 kwenda 9J ET0, ukingo wa nje unatoka kama 49 mm: 30 za ET na 19 za upana. Gari linapendeza, sikatai, lakini matope yanaruka hadi kwenye vioo na beringi zinabeba uzito kwa mkono mrefu. ET20 kwa 8J inanitosha.

Hatua ya 5: Nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota hukazwa na nati zenye washa bapa. Za dukani nyingi hutaka nati zenye mdomo wa koni. Ukichanganya, zinalegea barabarani.

Hatua ya 6: Funga, balansi, piga alaimenti. Kata usukani pande zote mbili gari likiwa na mzigo, uangalie kama kuna panaposugua. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na nunua matano, si manne: ukiweka spea ya saizi ya zamani halafu ukaingiza 4x4 kwenye ardhi kavu, unaweza kuua difu.